Kinshasa 1974: nyimbo zilizongoja miaka 43

Ukitaja Zaïre 74, watu wengi wanakujibu James Brown. Tuanze na wetu. Kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, katika Stade du 20 Mai, leo Stade Tata Raphaël, walipanda jukwaani Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley na Afrisa, Abeti, na Stukas. Pambano la Ali na Foreman lilisogezwa hadi 30 Oktoba, maana Foreman alipasuka juu ya jicho mazoezini. Muziki haukungoja.

Ila kanda za Wakongo zilitoka kama albamu mwaka 2017 tu. Franco alikwisha fariki 1989, Abeti 1994, Tabu Ley 2013.

Utamu wake? Kwenye diski za 45 wimbo mrefu ulikatwa nusu kwa nusu: sebene inapamba moto, unaamka kugeuza diski! Jukwaani magita yanajibizana mpaka yachoke yenyewe.

Familia nyingi zilizokimbia vita ziliacha kaseti zao nyumbani. Vijana wenye nyimbo hizi kwenye simu, warushieni wazee wa kambini kwa Bluetooth. Haili mega hata moja.