Sumaku Ndani ya Mpini

Kazi ya kulehemu ni kongwe, na taabu yake kubwa tangu kale ni kulitawala joto. Lehemu ya bati na risasi, yenye sehemu 63 za bati katika 100, huyeyuka penye digrii 183 za sentigredi. Joto likipungua, kiungo huwa hafifu. Likizidi, kinachoungwa huungua. Fundi wa zamani, aliyepasha kipande cha shaba katika makaa, hakuwa na kipimo ila jicho lake na mazoea ya mkono wake. Umeme uliposhika nafasi ya makaa, taabu ilibadili sura tu. Maana chuma cha umeme kisicho na kizuizi kikilazwa bila kazi hupanda moto kupita haja.

Zama za redio za valvu, zilizojaa nyaya nene, kosa hili lilivumilika. Lakini transista ilizaliwa katika maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1947, na baada yake vikaenea vibao vyenye njia za shaba nyembamba zilizogandishwa juu yake. Vitu hivi havistahimili ukali: joto likizidi, shaba hubanduka na transista hufa. Ikawa hapana budi kupata chuma kijuacho mpaka wake.

Carl Weller wa Easton, Pennsylvania, alikuwa fundi wa redio aliyechoshwa na vyuma vilivyochelewa kupata moto. Alibuni bastola ya kulehemu ipatayo moto upesi, na hataza yake ilitolewa mwaka 1946. Kampuni yenye jina lake ndiyo iliyotoa baadaye mtambo ulioitwa Magnastat, ambao mafundi wengi wangali wakiutumia, na ambao huzidi kuingia katika karakana kama mgonjwa.

Siri ya mtambo huo ni ya zamani kuliko umeme wa nyumbani. Mwaka 1600 William Gilbert wa Uingereza aliandika kwamba chuma kilichopashwa moto mpaka kikawa chekundu hakivutwi tena na sumaku. Mwaka 1895, huko Paris, Pierre Curie alionyesha kwa vipimo jinsi usumaku wa vitu unavyobadilika kwa joto. Na joto ambalo chuma hupoteza nguvu hiyo huitwa kwa jina lake hata leo. Kwa chuma safi ni digrii 770, lakini madini yaliyochanganywa kwa ustadi hupata mpaka wa chini zaidi.

Basi nyuma ya ncha ya Magnastat kimetiwa kipande kidogo cha madini ya namna hiyo. Kikiwa baridi, huivuta sumaku iliyomo ndani ya mpini, nayo hufunga swichi na umeme hupita. Kikifika mpaka wake, huiachilia. Springi huirudisha sumaku, swichi hufunguka, na mlio mdogo husikika. Kwa hiyo joto huchaguliwa kwa ncha wala si kwa kitasa: yenye alama 6 ni ya digrii 600 za Farenhaiti, yaani karibu 315 za sentigredi, 7 ni karibu 370, na 8 ni karibu 425.

Ajuaye habari hizi ana nusu ya dawa mkononi. Mtambo ukikataa kupata moto, huanza na plagi na fyuzi, kisha hupima kama transfoma inatoa volti zake 24. Halafu huchomoa mpini kutoka katika transfoma na kupima ukinzani wake. Ncha ikiwa imeondolewa, umeme haupaswi kupita kabisa, kwa kuwa sumaku haina cha kuivuta. Ncha baridi ikirudishwa, mlio hupasa kusikika, na kipimo kionyeshe karibu omu 12; ndivyo hesabu inavyodai kwa volti 24 na wati 48. Umeme ukipita pasipo ncha, swichi imegandamana, na hiyo ndiyo sababu ya ncha kuwaka kupita kiasi. Usipopita hata ncha ikiwapo, ugonjwa u katika swichi, katika kipasha joto, au katika waya uliokatika pale unapopindwa kila siku, penye shingo ya mpini. Ncha yenyewe haipigwi tupa, kwa maana ngozi yake ya chuma ikitoka, shaba iliyomo huliwa na lehemu.

Mitambo iliyofuata, yenye vipimajoto vya umeme, hubadili joto kwa kugeuza kitasa. Mwenye Magnastat hana budi kubadili ncha. Upungufu huo ni wa kweli. Hata hivyo mtambo wa kale una fadhila moja isiyo ndogo: akili yake yote husikika kwa sikio na hupimika kwa chombo cha bei ndogo. Wengi huutupa mzima kwa sababu ya swichi moja iliyoungua, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Atupaye hivyo hapotezi chombo tu; hutupa pamoja nacho somo lililoanza na Gilbert, ambalo fundi kijana angeweza kulisoma kwa vidole vyake mwenyewe juu ya meza ya kazi.