Nyumba Haihami, Mwenye Nyumba Huhama: Makabidhiano ya Nyumba za Umma Tanzania

Marehemu shangazi yangu aliacha bahasha ya kaki iliyojaa risiti za kodi ya pango. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliishi katika nyumba moja ya umma, vyumba viwili na uani, kwenye mji mmoja wa mkoani, na hakuwahi kuhama. Hata hivyo risiti zake zina nembo tatu tofauti. Za zamani ziliandikwa kwa mkono na karani mwenye mwandiko wa kulala, za katikati zina mhuri wa zambarau uliofifia, na za mwisho zimetoka kwenye mashine. Katikati ya risiti mna nakala ya barua ya kuomba paa litengenezwe, pamoja na majibu mawili. La kwanza linasema jalada limehamishiwa ofisi mpya. La pili, kutoka hiyo ofisi mpya, linasema jalada halijapokewa. Paa lilikuja kutengenezwa na binamu yangu, kwa bati alizonunua mwenyewe.

Makala hii inahusu kile kilichopotea kati ya majibu yale mawili. Mjadala wetu wa makazi umezoea kuuliza nyumba ngapi zimejengwa, kwa bei gani, na nani kazipata. Ni maswali ya haki, lakini yanaliacha kando tukio ambalo limejirudia tangu uhuru: nyumba zilezile, zenye wapangaji walewale, kuondolewa chombo kimoja cha umma na kupewa kingine. Ninadai kwamba katika makabidhiano hayo tumekuwa hodari wa kukabidhi mali na wazembe wa kukabidhi wajibu. Majengo, madeni ya benki, magari na watumishi huorodheshwa na kutiwa saini. Ahadi aliyopewa mpangaji haina safu yake katika orodha, kwa hiyo kila mmiliki mpya huanza na dhamiri safi.

Tuanze na miaka ile miwili ambayo bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Mwaka 1962 lilianzishwa Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Kazi yake ya mwanzo ilikuwa ya kijamii waziwazi: kuondoa vibanda vibovu katika maeneo kama Magomeni ya Dar es Salaam na kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini, nyingine zikitolewa kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo. Ililenga majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, mengi yakiwa ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Kuyasimamia, ikaundwa ofisi ya Msajili wa Majumba. Jina lenyewe linachekesha kidogo ukilitazama vizuri: msajili ni mtu wa daftari, lakini huyu alikuwa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote mjini, na kilichokuja kumsumbua hasa ni daftari.

Vyombo hivi viwili havikuwa na tabia moja. NHC ilizaliwa ijenge. Msajili alirithi: maghorofa ya Upanga na Kisutu, majengo ya Kariakoo yenye duka chini na familia juu, yote yaliyojengwa na wengine kwa mahitaji ya wengine. Mpangaji wa NHC aliyelipia nyumba ya Magomeni alijiona yuko njiani kuwa mwenye nyumba, wakati mpangaji wa Msajili alijua fika kwamba analipa pango. Wote wawili walikuwa na makubaliano na dola, ila hayakuwa makubaliano ya aina moja.

Mwaka 1990, kwa Sheria Namba 2 ya mwaka huo, ofisi ya Msajili ilivunjwa na mali zake zikaingizwa NHC. Kwa jicho la mhasibu, uamuzi ulikuwa na mantiki: kwa nini serikali iwe na ofisi mbili za kukusanya kodi za nyumba katika mji mmoja? Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ninachotaka kionekane ni kwamba katika ndoa ile jina lilibaki la NHC na tabia ikawa ya Msajili. Tangu katikati ya miaka ya 1970 uwezo wa NHC wa kujenga nyumba za wanyonge ulikuwa umepungua sana kwa kukosa fedha za serikali. Muungano ukaipa maelfu ya milango ya kukusanyia kodi, tena kodi zilizobanwa na sheria ya udhibiti wa pango ya mwaka 1984. Shirika lililoundwa kujenga likajikuta kazi yake kubwa ni kusimamia majengo makuukuu, kwa kodi isiyotosha hata kuyapaka chokaa. Udhibiti ulipoondolewa mwaka 2005, mizani ikaruka upande wa pili: shirika likatakiwa kujiendesha kibiashara, na mpangaji aliyezoea kulindwa akakuta kodi yake inaelekea bei ya soko.

Mwanasheria atanikumbusha kwamba mikataba haikufa. Ni kweli. Vifungu vya mpito katika sheria za kuunganisha mashirika huhamisha haki na wajibu wa mkataba kwa mrithi, na hakuna mpangaji aliyekosa makazi kwa sababu tu nembo ilibadilika. Lakini uhusiano kati ya mpangaji na mwenye nyumba wa umma haukai wote ndani ya mkataba. Sehemu yake kubwa hukaa masijala: barua za matengenezo, makubaliano ya kulipa malimbikizo kidogo kidogo, idhini ya kumrithisha mtoto upangaji baada ya mzazi kufariki, ruhusa ya kuongeza choo uani. Haya yanategemea jalada, na ofisa anayelijua. Jalada likipotea, sheria inasema haki ipo na ofisa anasema haimo humu. Katika mvutano wa namna hiyo, kwa uzoefu wangu, ofisa hushinda.

Upande wa serikali za mitaa mambo yalikuwa ya kuhamahama zaidi. Kwa mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 halmashauri za miji zilifutwa, kisha zikarudishwa mwaka 1978. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa mwaka 1996 na nafasi yake ikashikwa na Tume ya Jiji. Mwaka 2000 zikazaliwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na baadaye Ubungo na Kigamboni zikakatwa kutoka humo. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Mtu aliyezaliwa Magomeni mwaka 1965 na asitoke amesimamiwa na mamlaka nyingi kuliko jamaa yake aliyehamahama mikoani maisha yake yote.

Kisa cha Magomeni Kota kinaonyesha hili kuliko sheria yoyote, nami nitakaa nacho kidogo. Kota zile zilikuwa nyumba za umma za chini, zilizochoka, kwenye ardhi ambayo thamani yake ilikuwa imepaa kwa kuwa karibu na katikati ya jiji. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, eneo likiwa chini ya Manispaa ya Kinondoni, wakaazi waliondolewa na nyumba zikabomolewa ili pajengwe upya. Kaya 644 zikatawanyika kupanga kwa watu, zikiwa na neno la kwamba zitarudi. Miaka ikapita. Uwanja ukaota majani.

Septemba 2016 Rais John Magufuli alifika hapo na kuamua jambo kwa sauti yake mwenyewe mbele ya wakaazi: eneo liondoke mikononi mwa manispaa, serikali kuu ijenge kupitia Wakala wa Majengo Tanzania (TBA), na wakaazi wale wakirudi wakae miaka mitano bila kulipa kodi. Maghorofa yakasimama. Tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua nyumba 656, na kaya zile 644 ndizo zilizokuwa za kwanza kwenye orodha.

Hapa ndipo hoja yangu inapokabiliwa na pingamizi lake zito. Msomaji anaweza kusema: tazama, wajibu umekabidhiwa! Ahadi ya manispaa iliyokwama imetimizwa na chombo kingine, na imetimizwa kwa amri, bila mlolongo wa hati unaoudai. Nakubali kwamba nyumba zipo, na kwamba bibi aliyerudi Magomeni hana haja ya nadharia yangu. Ila tujiulize ahadi ilisafiri kwa njia gani kutoka manispaa hadi TBA. Haikubebwa na jalada wala na sheria. Ilibebwa na wakaazi wenyewe, waliokataa kunyamaza, na ikapata mguu pale mtu mmoja mwenye mamlaka ya juu kuliko yote alipoisikia. Kaya zenye idadi ndogo, zilizo mbali na barabara ambayo msafara wa rais hupita, hazina njia hiyo. Na ahadi iliyobebwa kwa kauli hubaki na umbo la kauli. Suala la masharti baada ya ile miaka mitano, kupanga au kununua, na kwa bei ipi, likawa la kusubiri tamko jingine, lenye kipimo cha huruma ya atakayelitoa.

Kuna jambo la pili ambalo shangwe za uzinduzi huliziba. TBA ilizinduliwa mwaka 2002 chini ya Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997, na mteja wake wa asili ni serikali yenyewe: ofisi zake na makazi ya watumishi wake. Ni chombo hichohicho kilichosimamia uuzaji wa maelfu ya nyumba za serikali kwa watumishi katika miaka ya 2000, uuzaji ambao Bunge lilikuja kuulalamikia sana. Mtumishi wa umma ni mpangaji wa pekee: ana namba ya ajira, na kodi hukatwa kwenye mshahara. Mkaazi wa Kota anakaanga samaki, anashona, anaendesha bodaboda, anaishi na wajukuu watano. Kusimamia lifti, maji ya ghorofa ya nane na kodi ya mtu asiye na mshahara ni ujuzi wa aina nyingine, na hauji wenyewe kwa sababu wakala anajua kujenga. Kukabidhi ujenzi ni jambo moja, na kukabidhi upangaji ni jingine. Tumeyafunga kwenye kifurushi kimoja kana kwamba anayejua kuchonga mtumbwi lazima awe pia nahodha.

Dodoma mkondo ulikuwa wa kinyume, kutoka juu kwenda chini. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA), iliyoundwa mwaka 1973 baada ya chama cha TANU kuamua kuhamishia makao makuu huko, ilishika ardhi na upimaji kwa miaka 44, sambamba na manispaa yenye madiwani waliochaguliwa lakini wasio na kiwanja cha kugawa. Wananchi walishika hati za CDA za miaka 33, wengine wakabomolewa nyumba, na manung'uniko yakawa sehemu ya siasa za mji. Tarehe 15 Mei 2017 CDA ilivunjwa na shughuli, mali na watumishi wake vikahamishiwa Manispaa ya Dodoma. Agizo likatoka pia kwamba hati zile zibadilishwe ziwe za miaka 99. Uvunjaji huu naupa alama za juu kuliko ule wa 1990, kwa sababu uligusa kitu ambacho mwananchi amekishika mkononi, yaani hati, na ukampa ofisi yenye diwani wa kumlalamikia. Dosari ni kwamba manispaa ilirithi pamoja na ardhi ile hamu ya kuuza viwanja, ambavyo vikawa chanzo kinono cha mapato yake ya ndani. Migogoro ya fidia, ambayo haina mapato, ni urithi usiogombewa na mtu.

Jirani zetu wa Kenya wamelifikiria swali hili kwa maandishi. Ibara ya 187 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inaruhusu ngazi moja ya serikali kuihamishia nyingine kazi kwa makubaliano, lakini inaweka masharti mawili: rasilimali za kutosha ziiandame kazi hiyo, na wajibu wa kikatiba ubaki kwa serikali iliyopewa kazi hiyo na Jedwali la Nne. Nyumba, katika jedwali hilo, zimetajwa ndani ya mipango na maendeleo ya kaunti. Tarehe 25 Februari 2020 Kaunti ya Nairobi, chini ya Gavana Mike Sonko, ilitia saini hati ya kuihamishia serikali ya kitaifa kazi kadhaa, mipango na maendeleo ikiwa mojawapo, na ikaundwa Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi (NMS) chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Ugomvi wa bajeti na mamlaka uliofuata unajulikana, na mwaka 2022 kazi zikarudi kaunti. Siutoi mfano huu kama mafanikio. Nautoa kwa sababu mpangaji wa nyumba za kaunti alikuwa na sentensi ya Katiba ya kumwonyesha yeyote aliyemwambia aende ofisi nyingine: aliyekabidhi bado anawajibika.

Sentensi ya namna hiyo sisi hatuna, na sioni haja ya kuisubiri katiba mpya ili tuipate. Inaweza kuandikwa katika tangazo la serikali linalovunja wakala au katika sheria ya kuunganisha mashirika. Iseme kwamba kwa muda uliotajwa, tuseme miaka miwili, chombo kilichokabidhi kitajibu madai ya mpangaji sawa na kilichopokea. Iseme kwamba hati ya makabidhiano haijakamilika bila jedwali la wapangaji, nyumba kwa nyumba: jina, malimbikizo, maombi ya matengenezo yasiyojibiwa, na kila ahadi iliyowahi kutolewa kwa maandishi au hadharani, pamoja na tarehe yake na cheo cha aliyeitoa. Wakaguzi wakague jedwali hilo kama wanavyokagua magari. Mpangaji apewe nakala ya ukurasa wake kabla saini hazijawekwa, ili kama barua yake ya paa haimo aseme mapema, wakati karani wa zamani bado yuko kwenye kiti chake na ufunguo wa masijala uko mfukoni mwake.