Turbo Boost: Je, kasi ya ziada ya prosesa ina manufaa nje ya vipimo?

Prosesa ya Intel Core i7-8550U, iliyotoka mwaka 2017 na ambayo bado imo katika kompyuta mpakato nyingi zilizokwishatumika, ina kasi mbili katika maelezo yake: gigahezi 1.8 na gigahezi 4.0. Ya kwanza ni kasi ya msingi. Ya pili ni kilele kinachofikiwa kwa Turbo Boost, mbinu ambayo Intel iliiingiza katika prosesa za Core i7 mwaka 2008. Mshindani wake, AMD, alifuata mwaka 2010 kwa Turbo Core. Wauzaji, kama ilivyo ada, hupenda kuitaja ya pili.

Kilele hicho si cha kudumu. Prosesa hukipanda pale tu joto, umeme na idadi ya viini vinavyofanya kazi vinaporuhusu. Chipu hiyo imekadiriwa kutumia wati 15. Ikiwa katika turbo huweza kuvuka mara mbili ya kiwango hicho, kisha baada ya sekunde kadhaa hurudishwa chini. Jaribio la kasi linalomalizika ndani ya sekunde hizo hupima kilele pekee, wala halielezi hali itakavyokuwa dakika ya ishirini.

Hata hivyo, kuiona turbo kuwa pambo la matangazo ni kukosea. Kufungua ukurasa wa intaneti, waraka au programu ni kazi ya muda mfupi, na hapo ndipo turbo husaidia zaidi. Anayeizima hupata mashine baridi na feni tulivu, lakini prosesa iliyotajwa hubaki na chini ya nusu ya kasi yake ya juu.

Kwa kazi ndefu, kama kuhariri video, kinachoamua ni upoozaji. Mwaka 2018, MacBook Pro zenye Core i9 zilibainika kushuka hata chini ya kasi ya msingi zikielemewa na kazi, na mwezi Julai Apple ikatoa marekebisho ya programu ya kudhibiti joto.

Katika mashine iliyotumika, vumbi kwenye feni na grisi ya kupitishia joto iliyokauka huifupisha turbo. Mnunuzi anaweza kuichosha kwa nusu saa akiitazama kasi katika Task Manager ya Windows: ikidumu chini ya kasi ya msingi, upoozaji wake una kasoro.