Herufi Nne za LILO

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini cha Linux. Wenye kompyuta majumbani wakapata mfumo wa jamaa ya Unix bila ya malipo. Lakini kupata chombo si kuvuka bahari.

Tangu 1992 wengi waliuamsha mfumo huo kwa LILO, programu ya Werner Almesberger. Sehemu yake ya kwanza ilikaa katika baiti 512 za diski. Maelezo marefu hayakuwa na nafasi. Basi kila hatua iliyotimia ilitangazwa kwa herufi. Mashine ikikwama penye L, sehemu ya pili haikusomeka. Penye LI, ilisomeka ikashindwa kuanza. Penye LIL, ilianza ikakosa jedwali la kuongoza kwenye kiini.

Mara nyingi kosa lilikuwa la hesabu. Mashine nyingi za siku zile, zilipokuwa zikiamka, hazikuweza kusoma diski kupita silinda ya 1024. Kiini kilichowekwa mbele ya mpaka huo hakikufikiwa, ingawa kilikuwa kizima. Asiyejua alifuta diski yote, akapoteza maandishi yake bure. Aliyezisoma herufi aliamsha mashine kwa diski laini, akakirudisha kiini ndani ya mpaka, akaiendesha LILO upya.

Uendelezaji wa LILO ulikoma mwishoni mwa 2015. Funzo lake halikukoma: chombo kitajacho mahali kilipokwama kimekwisha kumwonyesha fundi pa kuanzia.