Ukipata, Utaingia

Mwezi Februari, mwanafunzi wa sekondari mjini Leeds au Leicester bado ana miezi mitatu kabla ya mtihani wake wa mwisho. Hajaona swali hata moja. Lakini asubuhi moja anafungua akaunti yake ya UCAS, ofisi inayopokea maombi ya karibu vyuo vikuu vyote vya Uingereza, na kukuta chuo kimeshamjibu: nafasi ya kusoma sheria ni yake, akipata AAA. Mama yake anauliza, "Kwa hiyo umekubaliwa?" Jibu la kweli si ndiyo wala si hapana.

Jibu hilo la katikati lina jina moja rasmi kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, mtafsiri anayeletewa barua hiyo ana majina kadhaa mkononi: ofa ya masharti, udahili wa masharti, udahili wa awali, nafasi yenye masharti, ahadi ya udahili. Ukiyatazama juu juu yanafanana. Ukiyatazama kwa makini, kila moja linamwambia msomaji jambo tofauti, na baadhi yanamdanganya kabisa.

Kwanza utaratibu wenyewe. Hadi mwaka 1961 kila chuo kikuu cha Uingereza kilipokea fomu zake kivyake. Mwaka huo ikaundwa ofisi ya pamoja iliyoitwa UCCA, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na nyingine ya vyuo vya ufundi, ikazaliwa UCAS. Mwombaji huchagua kozi zisizozidi 5. Wanaotaka Oxford, Cambridge au udaktari hufungiwa dirisha katikati ya Oktoba. Wengine hupewa hadi Januari. Mitihani ya mwisho ya sekondari, iitwayo A-level, hufanyika Mei na Juni, matokeo hutoka Agosti, na madarasa ya chuo yanafunguliwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya matokeo na darasa la kwanza kuna wiki chache tu. Vyuo haviwezi kusoma maombi ya mamia ya maelfu ya vijana, kuwahoji wengine na kupanga mabweni ndani ya wiki hizo, basi huamua mapema, kwa kutegemea matokeo ya mitihani ya nyuma, barua ya mwombaji, na alama ambazo walimu wake wanakadiria kwamba atapata.

Mwanafunzi huyo akishajibiwa na vyuo vyote, hubakiza viwili: chaguo la kwanza, na chaguo la akiba ambalo kwa kawaida linadai alama za chini kidogo. Scotland mambo hutofautiana. Huko vijana wengi hufanya mitihani ya Highers mwaka mmoja kabla ya kumaliza shule, kwa hiyo huomba chuo wakiwa na matokeo tayari, na jibu lisilo na sharti lolote ni jambo la kawaida kwao.

Kwa Mtanzania wa kidato cha sita kalenda imekaa kinyume chake. Anafanya mtihani wa taifa mwezi Mei, wengi huenda JKT kwa mujibu wa sheria, matokeo yanatoka Julai, na ndipo Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inapofungua dirisha la udahili. Mwenye "wani ya tatu" huomba akiwa na hiyo wani ya tatu mkononi. Hakuna mwalimu anayeombwa kukisia. Kenya nako, KUCCPS huwapangia wanafunzi vyuo kwa matokeo ya KCSE yaliyokwisha kutangazwa, na asiye na C+ hapangiwi kozi ya shahada. Kwa hiyo masikioni mwa Mswahili wa pande hizi, neno "amedahiliwa" ni mlango uliokwisha kupitwa. Kilichobaki ni kuthibitisha kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu ikiwa amechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, kusubiri majibu ya Bodi ya Mikopo, na kutafuta godoro.

Hapo ndipo "udahili wa masharti" unapoteleza.

Tazama jinsi neno masharti linavyofanya kazi likifuata jina la kitu. Mahakama ikitoa dhamana yenye masharti, mshtakiwa anatoka: leo yuko nyumbani, na masharti ni kuripoti polisi na kutosafiri nje ya wilaya. Mkopo wa masharti nafuu ni fedha zilizokwisha kutolewa, na masharti ni jinsi ya kuzirudisha. Mganga naye hutoa dawa na masharti yake, usile hiki, usipite pale, na dawa unaondoka nayo. Katika mifano yote hii kitu kinatangulia kupewa, na sharti linakuja nyuma kumwongoza aliyepewa. Mzazi akisoma kwamba mwanawe amepata "udahili wa masharti", Kiswahili chake sahihi kabisa kinamwambia kwamba mtoto ameshaingia chuo na kuna kanuni za kufuata huko ndani. Barua ya Uingereza inasema kinyume: sharti liko mlangoni, na kabla ya kulitimiza hakuna kitu kilichotolewa isipokuwa neno la chuo.

Neno la chuo, yaani ahadi. Ndiyo maana jina linalostahili kubeba mzigo huu ni ahadi ya udahili yenye sharti, au kwa kifupi ahadi yenye sharti. Kiini chake ni "ahadi", na udahili unabaki kuwa kile kinachoahidiwa. Ahadi kila Mswahili anajua asili yake: inaweza kutimia, inaweza isitimie, na mwenye kuitoa anabanwa nayo. Hilo la mwisho ni muhimu kisheria pia. Mwanafunzi akizipata alama zilizotajwa, na masharti mengine yote yametimia, chuo hakina ruhusa ya kusema kimejaa.

"Ofa" ina watetezi wake, na si bila sababu. Tanzania watu wamezoea ofa ya kiwanja, ile barua ya ardhi inayotangulia hatimiliki: aliyeipata ametajiwa kiwanja, lakini asipolipa malipo yaliyoandikwa, hati haiji. Huo ni ulinganifu mzuri kuliko mwingine wowote. Tatizo ni kwamba nje ya ofisi za ardhi, ofa ni punguzo la bei dukani au soda aliyokulipia rafiki. Barua ya chuo si punguzo, na hakuna anayemlipia mwingine. Na "awali" nayo iachwe kando. Elimu ya awali ni ile ya watoto wa miaka 5. Udahili wa awali unaahidi kimyakimya kwamba upo udahili wa pili utakaofuata kwa wote. Ikiwa lazima uharaka wake utajwe, "ya mapema" inatosha.

Kuna jambo dogo la kufurahisha katika neno dahili lenyewe. Mzizi wake ni wa Kiarabu, wa kuingia, lakini kamusi za zamani za Kiswahili zinakipa kitenzi hicho maana ya kuhoji na kudadisi mtu. Maana mbili zinakutana vizuri katika ofisi ya udahili ya Cambridge, ambako wengi wa wanaofikiriwa kwa uzito huitwa kwenye usaili mwezi Desemba kabla ya kuahidiwa lolote. Huko sharti la kozi za sayansi kwa kawaida ni A*A*A, na mwanafunzi wa hisabati huongezewa mtihani mwingine wa pekee uitwao STEP.

Lakini hazina kubwa zaidi ya Kiswahili katika jambo hili haiko kwenye nomino. Iko kwenye silabi moja ndani ya kitenzi. "Ukipata AAA, utaingia." Ile -ki- ndiyo barua nzima. Inaacha mlango wazi, haisemi kwamba jambo litatokea wala kwamba halitatokea, na inafunga matokeo kwenye tendo la mtu. Wakati wa matokeo silabi hiyo hubadilika. Aliyekosa kwa daraja moja anahamia kwenye -nge- na -ngali-: ungepata, ungeingia; ungalipata, ungaliingia. Mfasiri aliyelemewa na urefu wa istilahi anaweza kuandika sentensi hiyo kamili katika aya ya kwanza ya barua, kisha akatumia "ahadi yenye sharti" kwingineko, na hakuna mzazi atakayepotea.

Istilahi ya pili inayokwenda sambamba na hii ni zile alama za walimu. Wengine huandika "alama zilizotabiriwa". Utabiri ni wa hali ya hewa na wa wasoma nyota. Mwalimu hukadiria, kwa daftari na mitihani ya majaribio aliyoisahihisha mwenyewe. Alama za makadirio, basi. Hata hivyo ni lazima ikubaliwe kwamba makadirio haya hukosea sana. Utafiti wa Gill Wyness uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya waombaji waliopata alama zilezile zilizokadiriwa katika masomo yao matatu bora. Robo tatu walikadiriwa juu kuliko walichopata. Linaloumiza zaidi ni kundi dogo la upande wa pili: miongoni mwa wanafunzi wenye ufaulu wa juu, watoto wa familia maskini ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukadiriwa chini. Kijana wa namna hiyo huenda asiombe kabisa chuo ambacho matokeo yake ya Agosti yangemfungulia.

Kisha vyuo vikaanza kuliondoa sharti lenyewe, na hapo istilahi ikaingia kwenye mtihani mgumu. Mwaka 2012 karo ya England ilipanda hadi pauni 9,000 kwa mwaka, na mwaka huohuo serikali ikaruhusu vyuo kuchukua wanafunzi wa AAB na zaidi bila kikomo cha idadi. Kijana mwenye alama za juu akawa anagombewa. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Birmingham kikaanza kuwapa baadhi ya wanafunzi waliokadiriwa alama za juu sana nafasi isiyodai matokeo yoyote, mradi wakichague kuwa chaguo la kwanza. Vingine vikafuata. Ahadi zisizo na sharti kwa vijana wa miaka 18 wa England, Wales na Ireland Kaskazini zilikuwa 2,985 mwaka 2013. Mwaka 2018 zilifika 67,915.

Ile ya "huna sharti, mradi utuchague" ina jina la Kiingereza linalojipinga lenyewe. Kiswahili hakihitaji kuiga mkanganyiko huo. Kinaweza kusema wazi: ahadi ya kufungwa. Inamfunga mwanafunzi mapema, kwa sharti lililohamishwa kutoka kwenye mtihani na kuwekwa kwenye utii. Walimu walilalamika kwamba walioahidiwa hivyo walilegea darasani. Aprili 2019 waziri wa elimu, Damian Hinds, aliviandikia vyuo 23 akivitaka viache, na Julai 2020 mamlaka inayosimamia vyuo vya England, Office for Students, ikapiga marufuku mtindo huo kwa muda.

Mwezi uliofuata -ki- iliwasaliti vijana kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia. Mitihani ilikuwa imefutwa kwa ajili ya korona, na alama za A-level za England zikapatikana kwa kikokotoo kilichopima, pamoja na mengine, historia ya ufaulu wa shule. Tarehe 13 Agosti 2020 takriban asilimia 39 ya alama zilitoka zikiwa chini ya makadirio ya walimu. Maelfu waliambiwa hawakutimiza sharti la mtihani ambao hawakupewa nafasi ya kuufanya. Vijana waliandamana London, na tarehe 17 serikali ikarudi kwenye alama za walimu, wakati vyuo vingi vilikuwa vimeshajaza nafasi. Baadaye serikali ilitafakari kuhamishia udahili wote baada ya matokeo, kama ilivyo Dar es Salaam na Nairobi, lakini mpango huo uliachwa mwaka 2022.

Kwa Mswahili jambo hili haliishii Uingereza. Shule kadhaa za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam hufundisha mtaala wa Cambridge, na wanafunzi wake huomba kupitia UCAS ileile. Kwao sharti mara nyingine ni mtihani wa Kiingereza au malipo ya amana juu ya alama. Na viza ya mwanafunzi hudai namba inayoitwa CAS, ambayo chuo huitoa baada ya masharti yote kutimizwa. Familia iliyosoma "amedahiliwa" mwezi Machi inaweza kukata tiketi na kuuza shamba kwa karatasi ambayo bado haina uzito mbele ya afisa wa viza. Neno "ahadi" juu ya karatasi hiyo lingewafanya waulize swali moja zaidi.

Matokeo hutoka Alhamisi moja katikati ya Agosti. Saa mbili asubuhi na dakika chache akaunti zinafunguka. Aliyepata anakuta sentensi yake haina -ki- tena. Aliyekosa kidogo anatazama kama chuo kimemchukua hivyohivyo, maana mara nyingi huchukua. Kama sivyo, anateremka kwenye chaguo la akiba. Na ambaye hana hata hilo anaingia kwenye dirisha la nafasi zilizobaki: anakaa mezani jikoni na matokeo yake kwenye karatasi, namba za simu za vyuo zimeandikwa pembeni, anaanza na ya kwanza.