Kitambaa Ndani ya Buti

Waliosoma Urusi zamani zile, ukiwauliza habari za baridi ya kule, watakutajia kofia ya manyoya na koti zito. Mimi nitakutajia miguu. Nilikuwa Voronezh miaka ya 1980, na upesi nilielewa kwamba kinachogandisha vidole mara nyingi si theluji ya nje bali jasho la ndani. Mguu hutoka jasho hata kwenye baridi kali. Soksi ikishalowa, joto lote linakwenda nayo.

Jeshi la Urusi lililijua hilo kwa vizazi, na dawa yake ilikuwa potianki: kipande cha nguo cha urefu wa sentimita 90 hivi na upana wa kama 35, pamba kwa kiangazi, flaneli kwa majira ya baridi. Hakina kisigino, hakina namba, hakina kushoto wala kulia.

Bawabu wa bweni letu, mzee aliyepigana vita vya Hitler, ndiye aliyenionyesha. Alikitandaza sakafuni, akakanyaga mshazari karibu na pembe, akaikunja pembe ile juu ya vidole na kuipitisha chini ya wayo. Akazungusha, akavuta, akafunika kisigino, akamalizia kwenye muundi. Akiona mkunjo, alifungua akaanza upya. Mkunjo mmoja kwenye safari ndefu ni lengelenge, na askari mwenye lengelenge ni mzigo kwa wenzake.

Ujanja wenyewe ni huu. Jasho hulowesha upande ulio wayoni. Baada ya saa kadhaa askari anakaa, anavua buti, anageuza: ncha kavu iliyokuwa muundini inashuka chini, ile mbichi inapanda juu, na joto la mguu linaikausha huku anatembea. Soksi iliyolowa wayoni, utaigeuza vipi? Usiku vitambaa vilianikwa juu ya shingo za buti, na harufu ya bweni la askari, aliniambia mzee yule, hakuna adui ambaye angeistahimili.

Buti zenyewe zilizidisha haja. Ngozi ilikuwa adimu, ndipo mkemia Ivan Plotnikov na wenzake wakaboresha kirza, ngozi bandia ya kitambaa cha pamba kilichotiwa mpira, kazi iliyowapa Tuzo ya Stalin mwaka 1942. Kirza ilizuia maji kuingia. Ilizuia na jasho kutoka.

Wengine nao walihangaika. Waingereza katika mahandaki ya Ufaransa, majira ya baridi ya 1914, waliugua miguu kwa maelfu, hata wakaja kuamriwa kuipaka mafuta ya nyangumi na kubadili soksi kila mara.

Januari 2013, Waziri wa Ulinzi Sergei Shoigu aliagiza potianki ziondolewe jeshini kabla ya mwaka kwisha. Kuruta wa sasa hutumikia miezi kumi na mbili basi, na kufunga kitambaa sawasawa kunataka mazoezi. Kwa jeshi lenye soksi za kutosha na magari ya kuzifikisha, uamuzi ule ulikuwa sahihi. Kwa jeshi la 1942, soksi isingeifanya kazi ile.