Hewa ya Chini ya Mwamba

Katika maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya Geita na Kahama nchini Tanzania, hewa hushushwa kwa mfuko mrefu wa nailoni uliofungwa kwenye mdomo wa feni iliyo juu. Feni ikiwashwa mfuko huvimba, ukashuka kando ya matimba, miti inayoshikilia kuta, hadi kwa mwanaapolo, mchimbaji aliyepiga magoti na nyundo yake. Ukichanwa na ncha ya mti, aliye chini hujua kwanza: kichwa kinagonga, miguu inakuwa mizito. Moshi wa baruti husubiriwa utoke. Wa kuogopwa zaidi ni wa pampu ya petroli, kwa kuwa kaboni monoksidi haina harufu. Injini ibaki juu, daima.

Bulyanhulu, mgodi mkubwa uliofunguliwa 2001, una shimo la wima linalozidi mita 1,000. Huko feni kubwa ndizo zinazoendesha hewa.

Mwaka 2015, Nyangarata wilayani Kahama, wachimbaji watano waliokolewa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi. Mwenzao mmoja alifariki. Wadudu na mizizi waliyokula husimuliwa sana. Hewa iliyowafikia, ambayo bila hiyo wasingefika popote, hutajwa kwa nadra.